Fidia ya mkono mmoja, mafungu matatu

Na Mwandishi Maalumu, Gitaza

Jumamosi moja mwaka jana, jua likiwa limeshaanza kushuka upande wa Kongo, shemeji yangu aliteremka kwenye gari la abiria lililotoka Rumonge, akapanda hadi kwangu hapa Gitaza akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Hakutaka kuketi. Aliinyoosha ile bahasha kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado ulikuwa umefungwa bendeji, akasema: "Mwalimu, nipigie hesabu. Mimi nimehesabu mara tatu na kila mara naona kama nimekosea."

Hakuwa amekosea. Hesabu yenyewe ndiyo ilikuwa hivyo.

Shemeji alikuwa kibarua kwenye kinu kimoja cha kukamua mawese. Kazi yake ilikuwa kumimina chikichi zilizochemshwa kwenye mashine ya kuponda. Mkanda wa mashine haukuwa na kifuniko. Siku moja alfajiri shati lilinaswa, mkono ukafuata, na kabla mwenzake hajaizima injini vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwenda. Mwenye kinu alimpeleka hospitali, akalipa siku mbili za kwanza, kisha akatuma mtu na faranga 200,000 na mfuko wa mchele, na ujumbe kwamba ajali ni kazi ya Mungu.

Siku ya tatu wodini alifika mtu mwingine. Alikuja na soda mbili na mkate, akajitambulisha kuwa anawasaidia watu walioumia kazini. Kwetu huku mtu wa namna hiyo tunamwita komisioneri, kama yule anayekutafutia nyumba ya kupanga au mteja wa kiwanja. Akasema anamfahamu avoka mzuri, mkali, asiyeogopa matajiri, na kwamba shemeji hatatoa hata senti moja mpaka kesi iishe. Mtu ambaye hana senti akiambiwa hivyo, atajibu nini? Keshoyake ikaletwa karatasi ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Kifaransa. Shemeji aliisaini kwa dole gumba la mkono wa kushoto.

Miezi saba baadaye mwenye kinu alikubali kulipa faranga 2,400,000 bila kufika mbele ya hakimu. Hizo ndizo tulizokuja kuzihesabu mezani kwangu. Avoka alichukua asilimia 30, yaani 720,000. Komisioneri alichukua asilimia 10, yaani 240,000. Zikatolewa 150,000 za "gharama za karatasi". Shemeji akakabidhiwa 1,290,000. Kutoka hapo alikuwa tayari ameshalipa deni la hospitali, 380,000, na 300,000 alizokopa kwa majirani ili watoto wale katika ile miezi saba. Ndani ya bahasha zilibaki 610,000.

"Gawanya kwa nne," alisema shemeji. Niligawanya. Ilitoka 152,500 kwa kidole. Dada yake, ambaye ni mke wangu, aliinuka akaenda jikoni.

Nimeeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu tangu siku ile nimekutana na visa vingine vinavyofanana nalo: mpagazi aliyeangukiwa na mizigo, kibarua wa barabara, mvunaji aliyeanguka kutoka juu ya mchikichi. Katika ukanda huu wa ziwa kuna kazi nyingi za kuumiza mikono na migongo. Barabara ya RN3 peke yake, tangu mlima ulipoporomoka hapa Gitaza mwezi Machi 2015 na kuifunga, imekuwa ikiajiri vibarua kwa awamu, na ukarabati wa kipande cha kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza, ambacho Benki ya Maendeleo ya Afrika iliamua kukigharamia mwaka 2018, uliwapa vijana wengi kazi ya sururu na zege. Anayeumia hukutana na maswali mawili: nani atamlipa, na katika malipo hayo, nani mwingine atakula. Kuhusu swali la kwanza serikali imeandika sheria. Hili la pili watu hulinong'ona tu.

Upande wa avoka

Ningeweza kuandika hapa kwamba shemeji aliibiwa na kumaliza makala. Watu wengi kijijini walisema hivyo. Lakini mwalimu wa hesabu hawezi kuacha namba moja nje ya daftari, na namba iliyoachwa nje ni ile 200,000 ya kwanza na mfuko wa mchele. Bila avoka, hizo ndizo zingekuwa fidia. Pamoja na avoka, na pamoja na makato yote, shemeji alipata 1,290,000 mkononi. Hiyo ni zaidi ya mara sita.

Nilimtafuta mtu tuliyesoma pamoja Mishamo, kule Mpanda, tulipokuwa watoto wa wakimbizi wa 1972. Yeye alirudi, akasoma sheria, sasa ni avoka. Nilimwambia: "Metre, nieleze kama rafiki, asilimia 30 ni halali?" Alicheka kwanza kwa jinsi nilivyomwita Metre, kisha akanieleza kwa utaratibu. Anayekuja kwake hana fedha ya kumlipa mapema, kwa hiyo avoka ndiye anayekopesha kazi yake. Safari ya Bujumbura kufuatilia faili siyo moja. Tangu mafuta ya gari yaanze kuadimika, nauli inategemea siku na dereva. Mwajiri hukataa kupokea barua, mganga huchelewesha cheti, shahidi hutishwa akabadili maneno. "Nikichukua kesi kumi za namna hiyo," alisema, "labda nne zitalipa. Hizo nne ndizo zinazobeba sita zilizokufa. Ukinilipa kwa hizo nne kama vile sikuzifanya zile sita, mwaka kesho utanikuta nafanya kesi za viwanja tu."

Sikuwa na jibu la haraka. Kesi za viwanja tunazijua sisi tuliorudi. Katika miaka ya 2008 na 2009 tulipomiminika kutoka Mishamo, Katumba na Ulyankulu na kukuta mashamba yetu ya michikichi yana wenyewe wengine, wapo waliomlipa avoka kwa kumkatia kipande cha shamba lile lile walilokuwa wakiligombania. Yaani walirudi wakiwa na hekta moja mdomoni na nusu mkononi. Kwa hiyo desturi ya kugawana kile kinachotafutwa haikuanza na vidole vya shemeji.

Ila rafiki yangu alikiri jambo moja bila kusukumwa. Kwamba kesi ya mtu aliyekatwa vidole kwenye mashine, mbele ya mashahidi watano, siyo kesi ngumu. Ugumu uko kwenye kumfanya mwajiri alipe. Na kwamba komisioneri hana kazi yoyote ndani ya kesi hiyo zaidi ya soda mbili na mkate.

Mlango usiohitaji wakili

Watu wengi wa huku hawajui kwamba kwa sheria zetu za Burundi, mfanyakazi aliyeandikishwa hahitaji avoka hata kidogo ili apate haki yake ya ajali kazini. Kuna INSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambao umekuwepo tangu mwaka 1962. Mwajiri ndiye anayechangia peke yake kwa ajili ya hatari za kazini. Mfanyakazi hakatwi kitu kwa tawi hilo. Mtu akiumia, mfuko unagharamia matibabu, unampa posho kwa siku ambazo hawezi kufanya kazi, na akibaki na ulemavu wa kudumu anapimwa na kulipwa kwa kadiri ya ulemavu huo. Sheria ya 1999 iliyotawala mambo haya ilifuatiwa na kanuni mpya ya hifadhi ya jamii ya Mei 2020, na mwezi Novemba mwaka huo huo ikatoka kanuni mpya ya kazi.

Kasoro iko mahali pawili. Kwanza, kwa miaka mingi mchango huo ulikuwa asilimia 3 ya mshahara, lakini mshahara uliohesabiwa haukuruhusiwa kuzidi faranga 80,000 kwa mwezi. Asilimia 3 ya 80,000 ni 2,400. Mfuko unaolishwa faranga 2,400 kwa mtu kwa mwezi hauwezi kumpa mlemavu maisha ya kifahari. Pili, na hili ndilo kubwa, kibarua wa kinu cha mawese, mpagazi wa bandarini na mvuvi wa kulipwa kwa usiku hawakuandikishwa popote. Kwa INSS ni kama hawapo. Kwao kilichobaki ni kumbana mwajiri mwenyewe, na hapo ndipo avoka na komisioneri wanapopata nafasi.

Lakini hata kwa asiyeandikishwa kuna hatua moja kabla ya avoka. Mkaguzi wa kazi, yule wa Inspection du Travail, ana jukumu la kuwapatanisha mwajiri na mfanyakazi kabla mgogoro haujafika mahakamani. Mtu anaweza kwenda mwenyewe na vithibitisho vyake. Shemeji hakuambiwa habari hiyo na mtu yeyote. Komisioneri hakuwa na sababu ya kumwambia, na mimi mwalimu, nakiri, nilikuwa siijui. Wapo watakaosema mkaguzi yuko mbali na faili zake ni nyingi. Inawezekana. Lakini mtu aliyefika kwa avoka akiwa na barua ya mkaguzi mkononi anazungumza bei akiwa amesimama, tofauti na yule aliyefuatwa kitandani.

Majirani wamefanyaje

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mnavuka Mugina na Manyovu kila wiki, kwa hiyo tuanze na Tanzania. Sheria ya zamani ya fidia kule ilikuwa imeganda tangu enzi za ukoloni: kiwango cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Kwa fedha kama hizo hakuna wakili ambaye angeinua kalamu. Mwaka 2008 Bunge likapitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko wenyewe, WCF, ukaanza kupokea michango tarehe 1 Julai 2015. Mwajiri anachangia, mfanyakazi hachangii. Kiwango kimeshuka hadi asilimia 0.5 ya mishahara tangu Julai 2022. Anayedai hatafuti nani mwenye kosa. Anaonyesha kwamba aliumia akiwa kazini, na daktari anapima. Kwa utaratibu huo hakuna mahali pa asilimia 30 ya mtu mwingine.

Mrundi aliyeajiriwa kihalali Kigoma au Kasulu na akaumia asidhani kwamba uraia unamfunga mdomo. Upo Mkataba namba 19 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, ambao Burundi na Tanzania zote mbili wameuridhia, unaotaka raia wa nchi zilizouridhia watendewe sawa katika fidia za ajali. Ila asichelewe: ajali isiyotolewa taarifa ndani ya miezi 12 inaingia matatani. Nimekutana na mtu aliyerudi nyumbani na mguu wake mbovu, akakaa miaka miwili akingoja "mambo yatulie". Yalitulia kweli.

Kenya ndiko jambo hili lilikopiganiwa waziwazi, na mawakili wenyewe ndio waliokuwa upande mmoja wa kesi. Mwaka 2007 Kenya ilitunga Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini. Ilisema aliyeumia asimshtaki mwajiri mahakamani, bali apeleke dai kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Fidia ya ulemavu kamili wa kudumu ikawekwa kuwa mishahara ya miezi 96. Chama cha Mawakili cha Kenya kikaenda mahakamani mwaka 2008 kuipinga. Machi 2009 Mahakama Kuu ikafuta vifungu kadhaa. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Upeo ikamaliza ubishi: utaratibu wa Mkurugenzi haukiuki katiba, na asiyeridhika anaweza kukata rufaa mahakamani baadaye.

Miaka 11 ya kesi. Wapo waliosema mawakili walikuwa wanatetea ugali wao. Wapo waliosema walikuwa wanatetea haki ya maskini kufika mbele ya hakimu. Mimi naona yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye uzito. Kwa sababu sheria ilipopita, ilionekana kwamba Mkurugenzi anaweza kuandika kwamba fulani alipwe kiasi fulani, mwajiri akakaa kimya, na sheria yenyewe haikuweka wazi njia ya kumkamata. Wafanyakazi wakalazimika kurudi mahakamani kuomba amri ya Mkurugenzi igeuzwe hukumu. Na mahakamani unarudi na nani? Na wakili.

Jambo jingine la Kenya linafaa kukumbukwa na wanaokimbilia maneno ya "hutalipa mpaka tushinde". Sheria ya Mawakili ya huko haitambui mapatano ya wakili kulipwa tu pale anaposhinda. Ubelgiji, ambako sisi tulirithi sehemu kubwa ya sheria zetu, nako wakili haruhusiwi kuyafunga malipo yake yote kwenye matokeo ya kesi peke yake. Hofu ya watunga sheria hao ni kwamba wakili mwenye hisa ndani ya fidia atakubali bei ya haraka ili naye apate haraka. Afrika Kusini walichagua njia nyingine: sheria yao ya 1997 inaruhusu mapatano hayo, lakini kwa maandishi, na wakili hawezi kuchukua zaidi ya mara mbili ya ada yake ya kawaida, wala zaidi ya asilimia 25 ya fedha iliyopatikana, kinachoangaliwa ni kile kilicho kidogo. Kwa kipimo hicho avoka wa shemeji asingevuka 600,000.

Huko ng'ambo nako

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya nchi maskini tu. Uingereza, serikali ilipoamua kuwafidia wachimba makaa ya mawe waliougua mapafu na waliokufa ganzi mikono kwa mitetemo ya mashine, yalipokelewa madai zaidi ya 700,000. Serikali ilikubali kuwalipa mawakili ada yao kando, ili mzee aliyeugua apate fidia yake kamili. Hata hivyo wapo mawakili waliokata tena kwenye fedha ya wazee. Desemba 2008 mawakili wawili wa mji wa Doncaster walifutwa kwenye orodha ya mawakili kwa mambo yaliyohusu madai hayo. Walikuwa wamejitajirisha kupita kiasi. Na hao walikuwa wazee wanaosoma Kiingereza, lugha ya mikataba waliyoisaini. Shemeji yangu alimaliza darasa la saba Mishamo, anasoma gazeti la Kiswahili mpaka matangazo ya vifo, lakini Kifaransa kwake ni kama mchoro.

Halafu kuna mfano wa upande wa pili, kutoka Florida, Marekani. Kule sheria ilipanga ada ya wakili wa aliyeumia kazini kwa ngazi: asilimia 20 ya dola 5,000 za mwanzo, 15 za 5,000 zinazofuata, 10 za zinazobaki. Inaonekana kama haki tupu. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha milango akadai, bima ikakataa na kuleta kila hoja iliyoweza kupatikana, na wakili wake akatumia saa 107.2 kuzijibu zote. Alishinda dola 822.70. Ada yake kwa ngazi ile ilikuwa dola 164.54, yaani dola 1.53 kwa saa. Mwaka 2016 Mahakama ya juu ya Florida ikaifuta ngazi hiyo, ikisema kwamba ada isiyo na maana inamnyima mfanyakazi wakili, na bila wakili fidia yenyewe inakuwa jina tu. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka rafiki yangu na kesi zake sita zilizokufa.

Kwa hiyo sisemi kwamba avoka afanye kazi bure, wala kwamba asilimia 30 ni dhambi. Nasema tuangalie asilimia 30 ya nini.

Nirudi kwenye daftari. Faranga 200,000 za kwanza mwenye kinu alikuwa ameshazitoa kabla avoka hajajulikana. Hizo siyo matunda ya kazi yake. Faranga 380,000 zilikuwa deni la hospitali. Hizo hazikuwa faida ya shemeji bali kurudisha kilichotumika kumtibu, na kukata fungu la avoka ndani yake ni sawa na kumtoza mgonjwa ushuru wa kidonda. Ukitoa zote mbili kwenye 2,400,000 inabaki 1,820,000. Asilimia 30 ya hiyo ni 546,000. Bado ni fedha nzuri kwa miezi saba ya barua na safari chache. Komisioneri, kama ni lazima alipwe, alipwe na aliyemtuma. Gharama za karatasi zilipwe kwa risiti. Fanya hivyo, toa deni la hospitali na la majirani, na shemeji anabaki na 1,174,000 kabla ya risiti, badala ya 610,000. Ni karibu mara mbili, na avoka hajafa njaa.

Mpenzi msomaji, ukiletewa karatasi wodini, uliza isomewe kwa lugha unayoielewa, mbele ya mtu wako, kabla ya dole gumba kuguswa wino. Uliza asilimia inahesabiwa kabla au baada ya kutoa matibabu. Uliza fedha itapitia mfuko wa nani kwanza, kwa sababu anayeipokea kwanza ndiye anayekata. Mwenye kuudhika na ada ana mahali pa kupeleka neno: mawakili wana chama chao na kiongozi wao, batonie, na malalamiko juu ya avoka huanzia kwake. Hata barua ya kurasa moja iliyoandikwa na mwanafunzi wa sekondari inatosha kuanzia.

Sisi hatukuanza kwa batonie. Wiki iliyofuata nilifuatana na shemeji hadi ofisini kwa avoka wake. Alitupokea kwa heshima, akatupa viti. Nilifungua daftari nikamwonyesha hesabu zangu. Kuhusu asilimia 30 alitikisa kichwa: mkataba ni mkataba. Kuhusu komisioneri alisema hamjui mtu huyo kabisa, na mimi sikumwonyesha namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya ukurasa wa pili wa mkataba wake mwenyewe. Kuhusu zile 150,000 alimwita karani, wakafungua faili, wakakusanya risiti moja moja. Zilifika 62,000. Alikaa kimya kidogo, akavuta droo, akahesabu 88,000 akaziweka mezani.

Karani akaandika hati ya mapokezi kwa Kifaransa na kumsogezea shemeji wino. Shemeji aliitazama ile karatasi, akairudisha taratibu.

"Kwa Kiswahili," alisema.

Karani akamtazama avoka. Avoka akaitikia kwa kichwa. Ilichukua karibu nusu saa, na neno "mapokezi" liliandikwa vibaya likafutwa mara mbili. Shemeji aliisoma yote, kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti, halafu akaomba kalamu badala ya wino na kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Tulipotoka nje gari la mwisho la kupitia Gitaza lilikuwa limeshaondoka.